Pikapu Iliyoishiwa Pumzi Mlimani

Saa tatu asubuhi pikapu nyeupe ya idara ya afya iliingia kituoni ikiwa nzima kama ilivyotoka, na hilo ndilo lililomuudhi Inspekta.

Alikuwa amesimama getini muda wote huo, akienda hatua kumi huku, hatua kumi kule, akitafuna kifuniko cha kalamu. Kukaa kulimshinda mwanamke huyu. Askari wenzake walimwita Miguu Moto na kudhani hajui.

"Sema," alimwambia Fundi kabla hata injini haijazimwa.

Fundi, aliyetunza magari ya idara zote za serikali pale mjini, alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye vidole vyeusi vya oili ambavyo sabuni ilishakata navyo tamaa. Alishuka taratibu, akaufunga mlango kwa kiganja kama anayemlaza mtoto.

"Imepanda kama mbuzi, Afande. Kona zote saba, gia ya tatu. Hata kuibembeleza sikuhitaji."

"Haikukosa nguvu mahali popote?"

"Nguvu inayo mpaka ya kugawa."

Inspekta aligeuka akaitazama saa ya ukutani kupitia dirisha la kaunta. Mkuu wa kituo alitaka jalada mezani kwake saa kumi jioni. Kesho yake saa nne dereva wa pikapu hiyo angesimama mbele ya hakimu, na kwa jinsi jalada lilivyokuwa, asingerudi nyumbani mpaka watoto wake waote ndevu.

Siku sita zilizopita, mpasua mbao mmoja aliangukiwa na gogo, akakimbizwa kwenye hospitali iliyo juu mlimani mguu wake ukiwa umesagika. Daktari alimchoma dawa ya maumivu, akasubiri, akamchoma tena. Mgonjwa hakutulia. Alipiga kelele juu ya meza ya upasuaji mpaka moyo ukasimama. Dawa hiyo ilikuwa imefika asubuhi ileile, chupa ndogo arobaini zenye vifuniko vya mpira, na zilipopimwa zote zikakutwa na maji matupu. Zilipandishwa na pikapu hii. Safari ni ya saa moja. Dereva alitumia saa moja na nusu. Alipoulizwa nusu saa ilikwenda wapi, alisema gari lilikosa nguvu likazima kwenye kona ya nne. Askari wa kwanza aliyepewa kesi aliizungusha pikapu kwenye uwanja wa kituo mara tatu, akaandika "gari halina kasoro," akamtia dereva ndani.

"Achana basi na huyo mtu wako," Fundi alisema. "Kadanganya."

"Mtu anayetaka kudanganya angesema pancha. Pancha kila mtu anaielewa. Kwa nini atunge hadithi ambayo fundi yeyote anaweza kuivunja kwa saa moja?"

"Labda hajui magari."

"Ni dereva, Fundi!"

Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea mahabusu.

Dereva aliletwa akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda walimnyang'anya. Kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, macho yamemtumbukia ndani. Inspekta hakufungua jalada.

"Siku ile ulibeba nini?"

"Sanduku la dawa, Afande."

"Sanduku tu?"

"Sanduku lilikuwa mbele, kitini. Nyuma mitungi kumi ya oksijeni na magunia ya sabuni ya kufulia."

"Mbona mitungi haimo kwenye maelezo yako?"

"Sikuulizwa. Niliulizwa dawa nimemuuzia nani."

Kifuniko cha kalamu kilipasuka katikati ya meno ya Inspekta. Alikitema mkononi.

"Gari likikosa nguvu linafanyaje? Nieleze kama mtu asiyewahi kuona gari."

Dereva alifikiri. "Linaanza kusitasita. Nakanyaga mafuta, halisikii. Nashuka gia, linajikongoja kama mtu anayepanda ngazi amebanwa pua. Mwisho linazima. Nikisubiri kidogo nikawasha, linawaka kama halijawahi kuugua. Mwezi huu limenifanyia hivyo mara tatu, na mara zote kona ileile au karibu yake."

"Moshi mweusi?"

"Hapana. Ningeuona kwenye kioo."

"Uliripoti kwa nani?"

"Kwa shemeji. Yeye ndiye msimamizi wa stoo ya dawa, na gari liko chini yake. Alisema ameshampa Fundi habari."

Huyo shemeji, Inspekta alikuwa amempita kwenye korido si muda mrefu uliopita. Alikuwa amekaa kwenye benchi na dada yake, mke wa dereva, katikati yao chupa ya chai na bakuli lililofunikwa. Inspekta alipotoka tena koridoni, msimamizi alijitahidi kuinuka, mkono mmoja kiunoni, uso ukikunjamana.

"Kaa, kaa," Inspekta alimwambia.

"Pole na kazi, Afande. Huyu ni mume wa mdogo wangu. Kazi hii ya udereva nilimwombea mimi mwenyewe." Alijikuna pua, akajikuna tena. "Vijana wanadanganyika. Kama kuna namna ya kumwonea huruma, tunaomba. Familia imevurugika."

Mke wa dereva alimtazama Inspekta moja kwa moja, macho makavu, kama anayesubiri zamu yake kwenye foleni ndefu.

Korido ile ilikuwa na giza hata mchana, lakini mboni za macho ya yule kaka zilikuwa ndogo mno, vitundu vya sindano. Inspekta aliliona hilo, akalipita. Kichwa chake kilikuwa kwenye mitungi.

"Fundi!" aliita kabla hajafika uani. "Ulipanda na mzigo gani?"

"Mzigo? Mimi mwenyewe." Fundi alijipapasa tumbo. "Si mdogo."

"Tafuta kilo mia nane."

Jirani na kituo palikuwa na nyumba inayojengwa. Walikopa mifuko kumi na sita ya mchanga, wakaipanga nyuma mpaka springi zikalala. Kufikia saa nne na nusu walikuwa wanaondoka, Fundi kwenye usukani, Inspekta kando yake na saa yake ya mkononi juu ya goti.

Kwenye tambarare pikapu ilikwenda vizuri. Ikapita soko, ikapita shule, ikavuka daraja. Fundi akaanza kupiga mluzi. Inspekta alimwomba aache.

Mlima ulianza ghafla, barabara ikijipinda kwenye ukingo wa mwamba. Kona ya kwanza waliipita kwa gia ya tatu. Ya pili kwa gia ya pili. Kwenye ya tatu Inspekta aliona mguu wa Fundi ukikanyaga mafuta mpaka chini kabisa, na uso wake ukibadilika.

"Vipi?"

"Nyamaza kidogo."

Mngurumo wa injini ulikuwa umepungua unene. Pikapu ilisita, ikajikokota, ikasita tena. Fundi akashuka gia ya kwanza. Walifika kona ya nne wakienda polepole kiasi kwamba mtu mwenye haraka angewapita kwa miguu. Hapo injini ikakohoa mara mbili ikazima.

"Jiwe!" Fundi alipaza sauti akiivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili.

Inspekta aliruka nje. Mtu mmoja alikuwa ameshamtangulia, akikimbia kutoka kwenye kibanda cha kuziba pancha, jiwe limekumbatiwa kifuani, akalisukumia nyuma ya gurudumu.

"Hii tena!" alisema akihema. "Hii pikapu itanimalizia mawe."

Fundi alikuwa ameshafungua boneti. Hakugusa kitu kwa muda, alitazama tu. Kisha akalegeza skrubu juu ya filta ya dizeli.

"Kavu," alisema. "Njoo uone mwenyewe, Afande. Hapa panatakiwa pachuruzike. Moshi hakuna, kwa hiyo hewa inaipata ya kutosha. Inachokosa ni mafuta. Na tangi lina zaidi ya nusu."

"Washa tena."

"Bado. Kijana alisema alisubiri. Tusubiri kama yeye."

Kusubiri. Inspekta alitembea mpaka ukingoni, akarudi. Akamgeukia mziba pancha. Kwenye jalada kulikuwa na mstari mmoja juu ya mtu huyu, na yule askari wa kwanza alikuwa ameupigia mstari chini: alishawahi kufungwa kwa wizi.

"Ulifungwa kwa nini?"

Mtu huyo hakushtuka. "Betri ya lori. Miezi minane. Niliimaliza yote, Afande, hawakunipunguzia hata siku moja, kwa hiyo hatudaiani."

"Siku dereva alipozimikiwa hapa, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, nimeshika jiwe la pili. Likiteleza linakuja kibandani kwangu, halina pengine pa kwenda."

"Sanduku lilikuwa kitini. Nani alilisogelea?"

"Hakuna."

"Una hakika, au unaogopa?"

"Vyote. Lakini hakuna aliyelisogelea. Milango ilikuwa imefungwa. Dereva alikuwa ameingiza kichwa kwenye boneti, anaitukana injini na kuiomba msamaha. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye gurudumu."

"Alikaa dakika ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Ulitazama saa?"

"Sina saa. Nina kiraka." Alionyesha kikaango cha chuma chenye moto wa mafuta ya taa. "Kiraka kinakaa hapa dakika ishirini na tano, kikizidi kinaungua. Nilikiweka alipofika. Nilipokitoa alikuwa anawasha gari."

Nyuma yao Fundi alipiga ukelele mfupi. Skrubu ya filta ilikuwa wazi na dizeli ilikuwa inachuruzika juu ya vidole vyake.

"Imerudi! Mimi sijagusa kitu!" Aliangalia pikapu kama mtu aliyetaniwa na mkwe wake. "Kuna kitu ndani ya tangi, Afande. Kinakuja, kinaondoka."

"Lifungue."

Fundi alizunguka mpaka ubavuni, akasimama mbele ya kifuniko cha mafuta. "Kina kufuli. Ufunguo uko stoo. Mafuta yalipoanza kupungua mwaka juzi, madereva walinyang'anywa. Anaweka mafuta msimamizi mwenyewe."

"Yeye peke yake?"

"Yeye peke yake. Nimpigie simu?"

"Usimpigie mtu." Inspekta alijisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo hakuitegemea. "Bila ufunguo huwezi?"

"Kwa chini naweza. Boliti nne. Lakini nitachafuka."

Wote watatu walizitazama nguo zake zilizokwisha kuchafuka, na mziba pancha akaenda kuleta jaki.

Kazi hiyo ilichukua saa nzima. Walipakua mchanga, wakamimina dizeli kwenye madumu, wakalishusha tangi juu ya tairi kuukuu. Fundi alifungua sahani ya boya, kielea kinachopima mafuta, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa huku amefumba macho. Inspekta alikuwa amechuchumaa karibu kiasi cha kupumuliana naye.

Kilichotoka kilikuwa kitambaa. Kipana kama kiganja, cheupe kilichogeuka rangi ya chai. Kitambaa cha kufungia vidonda, kimekunjwa mara nne.

"Basi ni hiki," Fundi alisema. "Kwenye tambarare injini inakunywa kidogo, hiki kinaelea zake. Ukipanda na mzigo inakunywa kwa pupa, bomba linakivuta, kinaziba mdomo wake. Ukizima, linakiachia. Ndiyo maana asubuhi nilipopanda mtupu sikuona kitu." Alikifinya. "Watu wanapoteza kifuniko, wanaziba tundu kwa tambara, tambara linadumbukia. Nimeshayatoa mengi."

"Lete."

Inspekta alikigeuza kwenye mwanga. Pembeni, pande zote nne, palikuwa na mshono. Nyuzi nyembamba, hatua fupi zilizolingana.

"Tambara lililodumbukia kwa bahati mbaya halishonwi, Fundi. Aliyelitia aliogopa lisifumuke nyuzi zikapita kwenye bomba mpaka kwenye filta, wewe ukaziona."

Fundi aliupitisha ukucha mweusi juu ya mshono.

"Shemeji mtu alikupa lini habari kwamba gari linakosa nguvu?" Inspekta aliuliza.

"Mimi? Sijawahi kusikia. Leo ndiyo nasikia kwako."

"Anajua magari?"

"Ajue!" Fundi alijifuta jasho, akajiachia mstari mweusi kwenye paji la uso. "Kaendesha pikapu hii hii miaka sita. Alikuwa anashusha mtungi wa oksijeni, ukamwangukia mgongoni. Baada ya kupona ndiyo wakampa stoo, kazi ya kukaa."

Ilikuwa saa saba. Jambo lilikuwa limekwisha kwa mtu mwingine yeyote: msimamizi kalizimisha gari hapa ili mwenzake aje abadilishe dawa. Lakini mwenzake yupi? Milango ilikuwa imefungwa. Inspekta alizunguka pikapu mara mbili wakati Fundi analirudisha tangi, na mara ya tatu akasimama.

"Tunapanda mpaka hospitali."

"Kufanya nini?"

"Kujifunza kuiba."

Muuguzi wa zamu alimpa chupa kumi tupu za dawa, ndoo ya maji na bomba la sindano. Inspekta aliketi kwenye chumba cha kufungia vidonda, pembeni ya dirisha. Alizijaza maji kwanza, kisha akaanza kazi yenyewe: choma mpira, vuta kilichomo, kimimine kando, vuta maji, choma tena palepale, rudisha, futa, tazama tundu lisionekane. Fundi alishika saa. Chupa ya kwanza dakika nne. Ya tano, dakika mbili na nusu. Ya kumi dakika mbili, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Dakika mbili," Fundi alisema. "Mara arobaini..."

"Themanini. Saa moja na dakika ishirini, kwa mtu mwepesi, mezani, kwenye mwanga. Kona ya nne walikaa ishirini na tano." Aliweka bomba chini. "Hakuna aliyebadilisha dawa mlimani. Zilipanda zikiwa maji."

"Sasa gari alilizimisha la nini?"

"Ili lizimike. Basi. Ili siku maji yakigundulika, kila mtu aulize nani alikuwa kwenye kona ya nne, na pasiwe na mtu wa kuuliza nani alikuwa stoo. Hata mimi nimekula nusu siku nzima pale."

Muuguzi, aliyekuwa akikusanya chupa, aliuliza polepole kama anaweza kusema jambo. Alisema yule msimamizi alikuwa akija hapo zamani kuchomwa dawa hiyohiyo, baada ya mtungi kumwangukia. Walimwachisha baada ya miezi mitatu. Alilia. Kisha hakuja tena, na wao wakafurahi kwamba amepona.

Mboni ndogo kama vitundu vya sindano. Kujikuna pua. Inspekta alishakuwa mlangoni.

Stoo ya dawa, kule chini mjini, ilikuwa chumba kirefu kisicho na madirisha, rafu za chuma mpaka darini, harufu ya spiriti na maboksi makavu. Msimamizi alikuwa nyuma ya meza, kwenye kiti alichokiwekea mito miwili. Saa ilikuwa tisa kasorobo. Inspekta alimwacha nje koplo aliyempitia kituoni, akaingia peke yake.

"Karibu, Afande. Umepata lolote?"

"Nimeishiwa mafuta. Ufunguo wa kifuniko cha pikapu nani anao?"

"Ninao mimi." Aliuchomoa kwenye mkufu wa funguo. "Huu hapa."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine. Nalala nao, naamka nao. Ningeuacha ovyo mafuta yasingefika hata mwisho wa wiki."

"Dereva hajawahi kuushika?"

"Hata siku moja." Alisema kwa fahari kidogo, halafu akamtazama, na fahari ikaanza kumtoka usoni.

Inspekta aliweka kitambaa mezani. Kilikuwa bado kinanuka dizeli.

"Hiki nini?"

"Nieleze wewe. Mshono mzuri. Mke wako ndiye aliyekushonea?"

"Mke wangu hamo humu!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Akaishusha. "Mke wangu usimguse."

"Basi nani?"

Alikisukuma kitambaa kando kwa ncha ya kidole. Kwenye rafu nyuma yake friji la chanjo liliunguruma, likatulia.

"Mgongo unaumaje siku hizi?" Inspekta aliuliza.

Alikuwa tayari kwa uongo, kwa hasira, hata kwa mtu kuruka meza. Hakuwa tayari kwa namna mtu yule alivyolegea, mabega yakashuka, kama kwamba kwa miaka mitatu alikuwa anasubiri mtu amuulize swali hilo tu.

"Hauumi," alisema. "Nikichoma hauumi. Nisipochoma siwezi hata kuvaa viatu. Nilianza kwa chupa moja. Nikasema mwisho. Nikajaza maji nikaiweka nyuma kabisa, nikasema nitairudisha. Baadaye za mbele zikaisha, zikabaki zile za nyuma tu. Arobaini. Na hospitali wakaleta barua, wanataka arobaini."

"Ukatafuta wa kumbebesha."

"Nilijua watasema zimeibiwa njiani. Mara mbili za kwanza nililiacha lizime bure, ili watu wazoee kwamba linazima. Nilidhani atapewa onyo. Labda atapoteza kazi, nimtafutie nyingine."

"Kwa nini hukumwambia Fundi?"

"Angekitoa."

"Na mgonjwa?"

"Nilidhani wana akiba. Siku zote wanakuwa na akiba." Alishika ukingo wa meza. "Ningejua kwamba hawana, Afande, naapa..."

"Ungefanyaje?"

Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kwenda wenyewe kuelekea droo ya chini. Inspekta alizunguka meza akaweka mguu wake kwenye droo hiyo.

"Moja tu," alisema yule mtu. "Ili niweze kusimama. Siwezi kutembea mbele ya watu hivi."

"Daktari atakuona kituoni. Atajua la kukufanyia. Mimi si wa kukupa." Alimshika chini ya kwapa, akamwinua taratibu, akisubiri kila mara mgongo ulipogoma. Alikuwa mwepesi kuliko alivyoonekana.

Saa tisa na dakika hamsini Mkuu alilifunga jalada, akaweka sahihi kwenye karatasi ya kumwachia mtu huru.

Mke wa dereva alikuwa palepale kwenye benchi. Dereva alipotokea mlangoni ameshika mkanda wake mkononi, mwanamke aliinuka, bakuli likaanguka, na hakuna aliyeliokota. Hawakukumbatiana. Alimshika tu mikono, akaigeuza, akaitazama pande zote kana kwamba anahakiki kama wamemrudisha kamili.

"Nilikwambia gari lilizima," dereva alisema.

"Ulinambia."

"Ulinisadiki?"

"Nilikuwa naleta chai kila siku. Ulidhani nakuja kufanya nini?"

Kisha akamgeukia Inspekta, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Asante, dada yangu. Ngoja nimpigie kaka simu. Aliniahidi atapita kunichukua saa kumi."

Inspekta alikuwa amewahi kutoa habari za vifo milangoni mwa watu, asubuhi na jioni. Hakukumbuka lini maneno yalimgomea namna hii.

"Usimpigie, mdogo wangu. Yuko humu ndani."

"Amekuja kutuchukua?"

"Hapana."

Alimweleza kwa kifupi, bila kupamba. Kitambaa. Ufunguo. Mgongo. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, simu imebaki wazi mkononi. Mara moja alitikisa kichwa, si kukataa, kama mtu anayefukuza nzi. Inspekta alipofika kwenye dawa, mwanamke alikaa chini.

"Alikuwa ananiazima sindano na uzi," alisema. "Nikamwambia lete nikushonee, nguo gani hiyo. Akasema kitu kidogo tu, usijisumbue."

Dereva alisimama ukutani. Uso wake ulipita rangi tatu. Inspekta alijiweka katikati ya yeye na mlango wa mahabusu, maana alikuwa amewahi kuwaona wanaume wapole kuliko huyu wakivunja milango. Lakini dereva hakuutazama mlango. Alimtazama mkewe, aliyekuwa ameinama, akiyatazama magoti yake.

"Mama," mkewe alisema. "Mama yetu anamtegemea kaka. Mwanawe huyo hamwiti jina, anamwita 'mume wangu'. Nani atakwenda kumwambia mama? Mimi siwezi. Nikifungua mdomo tu nitakufa."

Simu ya kaunta ililia, ikapokelewa.

Dereva alianza kuvaa mkanda. Aliupitisha kwenye tundu moja baada ya jingine, polepole, akaufunga ndani zaidi ya pale alipozoea, maana alikuwa amekonda.

"Nitakwenda mimi," alisema.

"Wewe? Baada ya aliyokufanyia?"

"Nitakwenda mimi. Nikimwambia mimi atajua sina kinyongo na yeye. Akiambiwa na mtu mwingine atanikimbia kwa aibu mpaka siku anazikwa." Alimnyooshea mkewe mkono. "Inuka. Twende kabla majirani hawajamfikia."

Waliondoka kwa miguu, kwa haraka, yeye mbele kidogo, mkewe amemshika shati mgongoni.